Brittany Howard na Alabama Shakes: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukiwawekea wimbo wa Alabama Shakes watu waliokulia rumba, dansi na bongo fleva, maswali huja yaleyale, na karibu kila mara huanza na moja: anayeimba ni nani huyu? Ukurasa huu umekusanya yanayorudiwa zaidi. Ya mwanzo ni mepesi, ya mwisho ni ya wale ambao tayari wana albamu zote kwenye simu.

## Mambo ya mwanzo

Brittany Howard ni nani?

Ni mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi kutoka Athens, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Alabama, Marekani. Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1988, mama Mzungu na baba Mweusi. Ndiye kiongozi na sauti ya mbele ya bendi ya Alabama Shakes, ambayo imetoa albamu mbili, na tangu 2019 ametoa nyingine mbili kwa jina lake mwenyewe.

Tahadhari kwa wanaotafuta mtandaoni: zipo Athens tatu zitakazokuchanganya. Ya kwanza ni mji mkuu wa Ugiriki. Ya pili iko katika jimbo la Georgia na inajulikana kwa bendi ya R.E.M. Ya Brittany ni hii ya tatu, ya Alabama. Na kwa bahati mbaya kwa wenye haraka, ana wimbo uitwao "Georgia", ambao hauhusiani na jimbo hilo hata kidogo (tazama sehemu ya albamu za peke yake).

Sauti hii ni ya mwanamume au ya mwanamke?

Ya mwanamke. Swali si la kijinga, maana sauti yake hushuka chini kuliko wengi wanavyotarajia kwa mwanamke, kisha hupanda mpaka ikawa kama mluzi, mara nyingine ndani ya mstari mmoja. Sikiliza mwanzo wa "Don't Wanna Fight". Gitaa linatangulia, halafu inaingia sauti nyembamba iliyokwaruza, kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Ni yeye. Dakika haijaisha anaimba kwa sauti nzito ya kifuani, na kwenye kiitikio anarudi juu tena.

Muziki wao ni wa aina gani? Soul au roki?

Vyote viwili, na kwa watu wa sehemu ile ya Alabama kutenganisha hivyo viwili ni kazi ya maduka ya santuri. Mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Athens upo Muscle Shoals, mji uliotoa nyimbo nyingi za soul kuliko ukubwa wake unavyoruhusu. Mwaka 1966 Percy Sledge, aliyekuwa mhudumu wa hospitali, alirekodi "When a Man Loves a Woman" eneo hilo. Januari 1967 Aretha Franklin aliingia FAME, studio ya Rick Hall, na huko ndiko sauti yake ilikopata njia. Etta James alifika mwaka huohuo. Nyuma ya waimbaji hao Weusi walikaa wapigaji Wazungu, vijana wa vijijini wa hapohapo, katika jimbo ambalo nje ya mlango wa studio lilikuwa bado linapigania ubaguzi. Mwaka 1969 wapigaji hao walifungua studio yao, na bendi za roki zikaanza kumiminika kutafuta mdundo uleule.

Kwa hiyo mtu aliyezaliwa jirani mwaka 1988 hakuhitaji kuchanganya chochote. Alichanganyiwa kabla hajazaliwa. Ben Tanner, aliyepiga kinanda na Alabama Shakes, alifanya kazi FAME kabla ya kujiunga nao.

Huku kwetu soul ina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Dar es Salaam waliicheza sana, mpaka Novemba 1969 serikali ikapiga marufuku muziki huo jijini. Wazee waliokuwa vijana wakati ule wakisikia "You Ain't Alone" huwa hawahitaji kufafanuliwa lolote.

Nianze na wimbo gani?

"Hold On", kisha "Gimme All Your Love", kisha "Stay High". Wa kwanza ni bendi changa, wa pili ni bendi iliyokomaa, wa tatu ni yeye peke yake. Ukipenda wa kwanza zaidi, tafuta *Boys & Girls*. Ukipenda wa pili, *Sound & Color*. Ukipenda wa tatu, *Jaime*. Ukiwa hukupenda hata mmoja, usijilazimishe.

## Bendi

Alabama Shakes ni akina nani?

Brittany na Zac Cockrell, mpiga besi, walikutana sekondari, katika darasa la saikolojia. Walianza kutunga pamoja baada ya masomo. Baadaye wakaongezeka Steve Johnson kwenye drams na Heath Fogg kwenye gitaa la pili. Jina lilikuwa The Shakes tu. Kulikuwa na bendi nyingine zenye jina kama hilo, wakaongeza la jimbo lao. Onyesho lao la kwanza lilikuwa mwaka 2009 katika baa moja ya Decatur, mji wa jirani.

Kazi zao za wakati ule zinaeleza mengi kuhusu muziki wao. Fogg alikuwa akipaka rangi nyumba. Cockrell alikuwa kwenye kliniki ya mifugo. Johnson alifanya zamu katika kinu cha nyuklia kilicho karibu na mji. Brittany alikuwa posta. Mazoezi yalifanyika baada ya saa za kazi, na ukisikiliza albamu ya kwanza unasikia watu waliochoka mwili lakini hawajachoka kupiga.

Ni kweli alikuwa akipeleka barua?

Ni kweli. Alikuwa mpeleka barua wa posta ya Marekani, na hakuacha kazi mpaka bendi ilipoanza kumpa riziki ya uhakika. Wengi husimulia jambo hili kama hadithi ya bahati, binti wa posta aliyeokotwa na dunia. Mimi naliona tofauti. Alishakuwa akitunga nyimbo tangu utotoni na bendi ilishazunguka baa za kaskazini mwa Alabama kwa miaka kadhaa. Ilichelewa dunia, si yeye.

Walijulikanaje?

Julai 2011 tovuti ya muziki ya Aquarium Drunkard iliweka wimbo wao "You Ain't Alone". Patterson Hood wa bendi ya Drive-By Truckers, naye mtoto wa Muscle Shoals (baba yake ni mpiga besi wa wale wapigaji wa studio niliowataja), aliusikia na kuupeleka kwa mameneja wake. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameshasaini na lebo ya ATO.

Aprili 2012 ikatoka *Boys & Girls*, na mwisho wa mwaka jarida la Rolling Stone likauchagua "Hold On" kuwa wimbo bora wa mwaka. Februari 2013 walikuwa kwenye televisheni katika Saturday Night Live. Aprili 2013 walikuwa Ikulu ya Marekani, mbele ya Rais Obama, katika onyesho la soul ya Memphis pamoja na wakongwe kama Mavis Staples, Sam Moore na Booker T. Jones. Kutoka tovuti ya mtu mmoja hadi Ikulu, chini ya miaka miwili.

Je, wengine ni wapigaji wa kukodiwa tu?

Hapana, na hili ndilo swali linaloamua jinsi ya kuisikiliza kazi yake yote.

Sisi tumezoea mipango miwili. Ipo bendi kama taasisi, ambayo waimbaji huingia na kutoka na jina linabaki. Na upo msanii mmoja mwenye jina, wengine wakilipwa kwa shoo. Alabama Shakes haikuwa hivi wala vile. Sauti, mashairi na uso wa mbele ni vya Brittany, lakini wimbo wenyewe ulizaliwa chumbani na watu wanne, na waliandika hivyo kwenye karatasi. Tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa roki waliyopata mwaka 2016 kwa "Don't Wanna Fight" ilitolewa kwa watunzi wanaoitwa Alabama Shakes, si kwa mtu mmoja. Tuzo kama hiyohiyo ya mwaka 2021, ya "Stay High", ina jina moja: Brittany Howard. Kati ya karatasi hizo mbili ndimo ilimo kazi yake.

## Albamu za bendi

Boys & Girls (2012) ikoje?

Nyepesi kwa mpangilio, nzito kwa moyo. Ilirekodiwa Nashville katika studio ndogo ya The Bomb Shelter na prodyuza Andrija Tokic, na bado unasikia chumba chenyewe, drams zikivuja kwenye maiki ya gitaa. Katika "Hold On" Brittany anasema hakutegemea kufika umri wa miaka 22, kisha anaimba kwamba lazima yupo aliye juu anayemwita kwa jina lake na kumwambia ainuke. Kwa mtu ambaye ndugu yake hakufika utu uzima, mstari huo haukuwa wa kupamba wimbo (tazama swali la Jaime hapa chini).

Udhaifu wake? Nyimbo za nusu ya pili zinafanana mwendo. Watu walisema ni bendi ya kuiga miaka ya 1960, na kwa albamu hii peke yake shutuma hiyo ina kaukweli.

Kwa nini watu wanaisifu sana Sound & Color?

Kwa sababu walikuwa na kila sababu ya kurudia kilichouza, hawakurudia. Ilitoka tarehe 21 Aprili 2015 na ikaingia moja kwa moja nambari 1 kwenye chati ya Billboard 200. Prodyuza alikuwa Blake Mills akishirikiana na bendi, na fundi mitambo Shawn Everett.

Wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, hauna gitaa linalopayuka. Unaanza na vibrafoni, ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa, noti zinadondoka moja moja kama maji kwenye beseni, na Brittany anaimba kama mtu aliyeamka mahali asipopajua. "Gemini" unajikokota kwa zaidi ya dakika sita. "The Greatest" ni panki ya mbio. "Gimme All Your Love" unaanza kwa kunong'ona, unalipuka, unanyamaza, halafu katikati bendi inabadili mwendo kabisa na kumaliza kwa kasi nyingine. Kama ungeniambia nichague dakika nne za kumwonyesha mtu bendi inayosikilizana, ningechagua hizo.

Kilichobadilika zaidi ni nafasi. Kwenye albamu ya kwanza ala zote zinapiga pamoja muda mwingi. Kwenye hii kila mmoja anajua kukaa kimya, na sauti inapolia inalia kwenye uwanja mtupu.

Walitoa albamu ya tatu?

Hawakutoa. Mwaka 2018 zilitengenezwa nyimbo za kuanzia, lakini hazikusonga, na Brittany akawaeleza wenzake kwamba anataka kufanya kazi yake mwenyewe. Bendi ikapumzika ikiwa na Grammy kabatini na albamu nambari 1. Kwa hesabu za biashara ulikuwa wakati mbaya kabisa wa kusimama. Kuhusu kilichofuata baada ya mapumziko, tazama sehemu ya mwisho.

## Sauti na gitaa

Gitaa analoshika anapiga kweli au ni pambo?

Anapiga. Kwenye Alabama Shakes magitaa yalikuwa mawili, lake na la Fogg, na mara nyingi yeye ndiye anayebeba mdundo huku akiimba, jambo ambalo ukilijaribu nyumbani utaona ugumu wake. Kwa miaka mingi ameonekana na Gibson SG, gitaa jepesi lenye pembe mbili.

SG ina ukoo wake. Miaka ya 1960 mwanamke aliyejulikana nayo ni Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, aliyekuwa akipiga gitaa la umeme kanisani na kwenye kumbi kabla neno "roki" halijawa na maana ya muziki. Rosetta alifariki 1973. Alipoingizwa hatimaye katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2018, aliyesimama kumtambulisha na kuimba wimbo wake alikuwa Brittany Howard. Miaka 45 ya kuchelewa. Lakini aliyepewa kazi hiyo alikuwa mtu sahihi.

Kwa nini humfananisha na Janis Joplin?

Kwa sababu ya kwaruzo la sauti, na kwa sababu waandishi wa muziki wakiona mwanamke mbele ya bendi ya roki hutafuta jina la karibu. Ufanano upo kwenye koo, haufiki mbali. Janis, mwimbaji wa roki wa Texas, alipitia bendi tatu ndani ya miaka michache na alifariki Oktoba 1970 akiwa na miaka 27. Nyimbo nyingi alizoimba zilitungwa na wengine, na kipaji chake kilikuwa kuzichukua na kuzigeuza zake. Brittany hutunga, hupiga, na siku hizi ni prodyuza wa kazi zake.

Kama lazima tutafute ukoo, basi tuupitie Alabama kwenyewe. "Ball and Chain", wimbo uliomtangaza Janis kwenye tamasha la Monterey mwaka 1967, ulikuwa wa Big Mama Thornton, mwanamke Mweusi aliyezaliwa Ariton, Alabama, mwaka 1926. Thornton ndiye pia aliyeimba "Hound Dog" kabla ya Elvis. Janis alikopa Alabama. Brittany yuko kwao.

## Albamu za peke yake

Jaime ni nani, na jina linasomwaje?

Linasomwa "Jeimi". Ni dada yake mkubwa, aliyemfundisha kupiga piano na kuandika mashairi. Jaime alifariki 1998 akiwa na umri wa miaka 13 kwa retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto. Brittany naye aliugua ugonjwa huohuo akiwa mdogo. Alipona, lakini jicho moja halioni vizuri hadi leo.

Watu huifungua albamu ya *Jaime* (Septemba 2019) wakitafuta nyimbo za maombolezo na hawazikuti. Jina ni la dada, habari ni zake mwenyewe: utoto, rangi, imani, mapenzi. Ameibandika jina la marehemu, lakini anayezungumza ndani ni aliyebaki hai.

Nyimbo zake zinazungumzia nini?

"Goat Head" ndio mzito kuliko wote. Unaanza kama mtoto anayetaja rangi: nyanya ni za kijani, pamba ni nyeupe, mama ni Mzungu, baba ni Mweusi. Kisha unakuja mkasa wa kweli wa familia. Mtu alikata matairi ya gari la baba yake na kuacha kichwa cha mbuzi ndani ya gari, kwa kosa la kuwa mwanamume Mweusi mwenye mke Mzungu. Anauimba bila kupandisha sauti. Mwenye sauti kubwa kuliko wote amechagua kunong'ona hapo, na ndiyo maana unauma.

"Georgia" ni mapenzi ya utotoni, msichana mdogo anayempenda msichana mkubwa na hajui amwambieje. Brittany hajaficha kwamba anapenda wanawake. "He Loves Me" ni wa mtu asiyekwenda kanisani ambaye hata hivyo hana shaka kwamba Mungu anampenda, na chini yake kuna sauti ya mhubiri akihubiri kwa jazba. "Stay High" ni raha ya kurudi nyumbani baada ya kazi. Kwenye video yake mwigizaji Terry Crews ni mfanyakazi wa kiwandani anayeendesha gari kurudi kwake huku akiuimba.

Nani walipiga kwenye Jaime?

Zac Cockrell, yuleyule wa darasa la saikolojia, kwenye besi. Nate Smith kwenye drams na Robert Glasper kwenye kinanda, wote wawili watu wa jazi. Hapo ndipo tofauti inapojionyesha. Drams za Alabama Shakes zilikuwa za baa, zinakusukuma mgongoni. Nate Smith hupiga kana kwamba anavunja saa na kuiunganisha upya. Kwa hiyo ukiambiwa "aliondoka kwenye bendi", kumbuka hakuondoka na mikono mitupu, na rafiki yake wa shuleni alikuwa pembeni.

What Now ni tofauti vipi?

Ilitoka Februari 2024, safari hii kupitia lebo ya Island. Kati ya nyimbo kuna milio ya bakuli za fuwele, zile zinazozungushwa kwa kijiti mpaka zikavuma, na inaziunganisha zote kama pumzi. Wimbo unaobeba jina ni fanki kali ya kuachana. "Prove It to You" ni muziki wa kumbi za usiku, drams zikigonga sawasawa kila pigo, na mashabiki wa zamani waliusikia wakadhani wamekosea albamu. Katikati kuna kipande kifupi chenye sauti ya Maya Angelou akisoma shairi lake.

Maoni yangu: haikusikilizwa inavyostahili. *Jaime* ilikuwa na hadithi rahisi kusimulia, dada aliyefariki na kichwa cha mbuzi. Hii ina muziki tu, na magazeti hayajui kuandika kuhusu muziki mtupu.

## Tuzo

Ana Grammy ngapi?

Tano, ukihesabu za bendi. Tatu mwaka 2016 kwa *Sound & Color* na "Don't Wanna Fight": albamu bora ya muziki mbadala, utendaji bora wa roki, na wimbo bora wa roki. Moja mwaka 2018 kwa "Killer Diller Blues" (tazama swali lake hapa chini). Moja mwaka 2021 kwa "Stay High". Mara ya kwanza kuteuliwa, mwaka 2013, walikuwemo kwenye kipengele cha msanii mpya bora na hawakushinda.

Mbona anateuliwa kwenye vipengele visivyofanana?

Kwa sababu wanaopanga makabati hawajui wamweke wapi. Kwa tuzo za 2021, nyimbo za albamu moja, *Jaime*, ziliteuliwa kwenye roki, muziki mbadala, R&B ("Goat Head") na muziki wa mizizi ya Marekani ("Short and Sweet").

## Kurudi kwa bendi na maswali ya pembeni

Alabama Shakes wamerudi?

Ndiyo. Tarehe 18 Desemba 2024 walipanda jukwaani bila kutangazwa katika Bama Theatre, Tuscaloosa, kwenye onyesho la hisani. Mwaka 2025 wakaingia ziarani na kutoa wimbo mpya, "Another Life". Waliorudi ni Brittany, Cockrell na Fogg. Steve Johnson hayumo.

Ina maana kazi yake ya peke yake imekwisha?

Sioni sababu ya kudhani hivyo. Hata wakati bendi iko juu kabisa alikuwa na mambo mengine pembeni (swali linalofuata).

Thunderbitch ni nini? Na Bermuda Triangle?

Thunderbitch ni bendi yake ya roki ya makelele, ambayo jina lake lina tusi ndani na sitalitafsiri. Albamu ilitoka Septemba 2015, miezi mitano tu baada ya *Sound & Color*, bila matangazo ya maana. Kwenye jukwaa hilo alijigeuza mtu mwingine, amevaa koti la ngozi. Bermuda Triangle, iliyojitokeza 2017, ni kinyume chake: wanawake watatu, yeye, Jesse Lafser na Becca Mancari, magitaa makavu na sauti tatu zinazoegemeana.

"Killer Diller Blues" ni wimbo wao?

Si wao. Ni bluzi ya zamani ya Memphis Minnie, mwanamke mwingine mwenye gitaa. Waliirekodi kwa ajili ya mradi wa American Epic, ambapo wasanii wa leo walitumia mtambo wa kurekodi wa miaka ya 1920: wote chumba kimoja, maiki moja, sindano inachora moja kwa moja kwenye santuri. Ukikosea mnarudia wote tangu mwanzo.

Ni kweli Prince aliwahi kupiga nao?

Ni kweli. Mwishoni mwa Mei 2015 walifanya onyesho Paisley Park, makao yake huko Minnesota. Walipofika "Gimme All Your Love" Prince akapanda na gitaa lake. Ni ule wimbo unaobadili mwendo katikati, na ndipo alipoingia. Alifariki tarehe 21 Aprili 2016, siku *Sound & Color* ilipotimiza mwaka mmoja.